Mia Sita na Jicho la Korongo

Jumatatu, 4 Machi

Presha imepanda tena. Muuguzi wa kliniki kaniambia hofu ikiandikwa hupungua, kwa hiyo nimenunua daftari. Mimi na kalamu tuliachana darasa la nne. Tutavumiliana.

Hofu yenyewe hii hapa: binti yangu amepata kazi. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini ni kazi ya kupiga picha wanyama wa porini, kwa jarida la wanyama, huko huko wanakokaa. Simba haletwi studio. Anaondoka Jumamosi kwa ndege ndogo, ile ambayo hata abiria hupandishwa kwenye mizani, na ameambiwa abebe lenzi moja tu. Duka la kukodisha kamera limempa tatu azijaribu. Ijumaa achague moja, arudishe mbili.

Sasa ziko juu ya meza yangu ya kushonea, zimesukuma cherehani pembeni. Ya kwanza fupi na nene, jina lake ni milimita zake, Sabini hadi Mia Mbili. Ya pili ya kati, Mia Moja hadi Mia Nne. Hiyo ukiizungusha shingo inarefuka kama kobe anayechungulia. Ya tatu ni Mia Sita. Mama yangu! Nyeupe, ndefu kama bomba la moshi, nzito kama mtoto anayekaribia kutambaa. Kioo chake cha mbele sawa na kisahani cha chai.

Nikauliza, kama mtu asiye na haja, zinatofautianaje. Binti akasema ni umbali, Mama. Ili simba ajae kwenye picha, ukiwa na fupi lazima umsogelee. Ukiwa na Mia Sita unakaa mbali kabisa, wala yeye hajui kama umezaliwa.

Hajui kama umezaliwa! Basi nimeshachagua. Binti ndiye bado hajui.

Jioni akaingia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Huyu hodi yake anaipiga akiwa tayari ameshakaa. Akazitazama lenzi, akatoa hukumu: achukue fupi. Nyepesi, haiogopi kiza, na bega la msichana halikuumbwa kubeba mabomba. Yeye anajua, kwani mumewe alikuwa akipiga picha za harusi. Nikamwambia bibi harusi hang'ati. Akasema wengine wanang'ata.

Mpango ninao. Namshonea binti begi la lenzi. Zuri ajabu, na la saizi ya Mia Sita peke yake.

Jumanne, 5 Machi

Begi lilikwisha alfajiri. Turubai nje, sponji ndani, zipu ya chuma. Ukiitia lenzi fupi humo inagonga huku na huku kama maharage kwenye kopo. Nikamkabidhi binti kwa uso wa malaika. Akanikumbatia. Akauliza nimejuaje kwamba alihitaji mfuko wa kulazia lenzi ardhini. Kisha akang'oa sponji, akamimina mchele wangu wote ndani, akavuta zipu, akalikandakanda likawa mto. Eti hata ile fupi inalala juu yake bila kutetemeka.

Mchele wote. Tumekula viazi.

Asubuhi hiyohiyo akaenda kujaribu lenzi kwenye bwawa, nyuma ya kile kiwanda cha chupa kilichofungwa. Pale kuna korongo, yule ndege wa miguu mirefu. Nikamfuata binti. Si kumpeleleza. Kumchunga. Nikajibanza kwenye ukuta wa kiwanda, mbali, nikamwona akilala kifudifudi kwenye nyasi, amejifunika wavu wenye majani majani.

Sikupapenda. Bwawa lile lina vyura tangu nihamie mtaa huu. Tunalala kwa kelele zao. Leo kimya. Upepo ulinipeperusha mtandio, lakini matete hayakutikisika. Na yule korongo amesimama kwa mguu mmoja, kaweka ubavu, jicho moja limetukazia. Binti alibadilisha lenzi moja, akaweka nyingine, akarudia. Ndege hakula, hakuruka, hakugeuza shingo. Alisimama kama mtu aliyeajiriwa.

Nyumbani tukaziangalia kwenye kompyuta. Kwa fupi, korongo ni njiti ya kiberiti. Kwa ya kati, ni korongo. Kwa Mia Sita ni kichwa kitupu, unyoya mmoja mmoja, na jicho la manjano. Binti anashangilia, eti hajawahi kuona ndege mvumilivu hivi.

Nikauliza anavumilia nini. Hakunisikia.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili. Fupi nimeivisha soksi tatu, nikaizamisha kwenye pipa la unga. Binti akaitafuta kila mahali. Nikamwambia wifi alikuja. Si uongo, Jumatatu si alikuja?

Akaenda bwawani na zile mbili. Nikafuata, nikajibanza ukutani. Korongo yuleyule, mahali palepale, mguu uleule. Nilimpungia mtandio nimfukuze. Nikapunga hadi bega likauma. Kama napungia picha.

Mchana binti akaniita nione kitu. Amelikuza lile jicho. Akasema hii Mia Sita ni hatari, hata ndani ya jicho la ndege unaona kilichokuwa mbele yake, kama kwenye kioo cha gari. Kweli kabisa. Anga. Matete. Kibonge cheusi chini, ndiye yeye kalala na wavu wake. Na nyuma ya miguu yake, mtu amesimama.

Nikacheka hadi nikajisaliti. Nikasema huyo ni mimi, mwanangu, usikasirike, nilikuja kukuchunga. Akakasirika. Akauliza kama na porini nitakuja kujibanza nyuma ya vichaka. (Wazo si baya.) Halafu akauliza nilisimama wapi hasa. Nikasema ukutani. Akaniangalia. Akageukia kompyuta, akakuza tena.

"Mama, ukuta ni huu hapa, mwembamba kama uzi. Wewe ni huyu, kama kiroboto. Huyu mwingine ni nani?"

Nikavaa miwani. Ni kweli, mimi kiroboto. Hata mtandio wangu unaonekana, kiroboto anayepunga. Yule mwingine amesimama pale pale alipo binti, karibu kiasi cha kumkanyaga kisigino. Uso hauonekani. Mikono ameikunja mbele, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Binti akasema ni tete. Akazima kompyuta. Tete halina mikono. Nikaenda jikoni, nikaikung'uta ile lenzi kutoka kwenye unga, ili tu nipate la kufanya. Akaingia, akaiona na soksi zake tatu. Hakugomba.

Hapo ndipo nikajua kwamba naye ameogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa Fundi, mwenye lile duka la kamera. Mia Sita nimeifunga mgongoni kwa shuka, salama zaidi. Njiani mama mmoja akaniuliza ana miezi mingapi. Nikasema bado hajaota meno. Akasema ni mrefu, mashallah.

Niliyomwendea Fundi ni haya: amwambie binti yangu kwamba lenzi ina uchafu ndani, na uchafu huo ukipigwa na jua unafanana na mtu. Fundi akakataa. Akasema vumbi ndani ya lenzi halifanani na kitu, linafifisha picha basi. Akaipangusa kwa kitambaa laini, akaipachika kwenye kamera yake, akampiga picha jogoo aliyekuwa ng'ambo ya barabara kwenye tenga la muuza kuku. Akalikuza jicho la jogoo. Mlango wa duka. Fundi nyuma ya kamera. Mimi pembeni, mdomo wazi. Wengine hakuna. Akasema lenzi nzima hii, Mama, haina hata mkwaruzo.

Ndipo nikamweleza habari za bwawa. Nilitaka acheke. Mtu mwenye duka zima la vioo akicheka, na wewe unapona. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Mama, lenzi haiongezi mtu," akasema. "Inamsogeza tu aliyepo."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja hadi ukuta ulipoacha kuzunguka.

Kurudi, nikabadili msimamo. Lisilo machoni na moyoni halipo. Achukue fupi! Kwa fupi korongo ni njiti, na njiti haina jicho la kuonyeshea watu. Hatua chache mbele nikakumbuka: kwa fupi lazima amsogelee simba. Huku simba, huku yule. Nikasimama katikati ya barabara nikipima, hadi gari likanipigia honi.

Nikaamua simba. Simba shida yake inajulikana, anataka nyama. Yule sijui anataka nini.

Ikabidi nimeze kiburi, niende kwa wifi nimwombe aje arudie hotuba yake ya Jumatatu. Wifi akanipandisha na kunishusha kwa macho. Akasema yeye ameshaulizia, wapigapicha wakubwa wote wanatumia Mia Sita, na mtoto wa kaka yake haendi porini na kijilenzi cha harusini. Akanishangaa navyong'ang'ania fupi. Tangu mwanzo, eti, alijua mimi ni mtu wa vitu vifupi.

Nimerudi nyumbani nikimwogopa simba, nikimwogopa yule, na nikimchukia wifi. Kwa mpangilio huo, ingawa unabadilika.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kuchagua. Binti akasema anarudi bwawani mara moja ya mwisho, na Mia Sita, ajitoe wasiwasi kabla ya kuamua. Hakulala vizuri, nilimsikia akigeuka. Leo sikuficha kitu wala sikujibanza. Nikamwambia tunakwenda wote, na nitasimama mimi nyuma ya miguu yake, palepale. Nafasi ikishakaliwa, mwingine atakaa wapi? Hata benchi la kliniki ndivyo lilivyo. Binti alibisha kidogo akachoka. Akasema simama basi, Mama, ila usitikisike.

Nikasimama. Jua la saa nne, kali, angavu, hakuna hata wingu la kusingizia. Vyura kimya. Korongo juu ya mguu wake. Binti chini, nyayo zake zinagusa vidole vyangu. Kwa muda nikawa mlinzi hodari. Nikatoa na kifua.

Kisha mgongo ukaanza kunipa taarifa. Unajua kwenye foleni unavyohisi mtu nyuma yako kabla hata hajakohoa? Ndivyo. Pumzi sikusikia. Kivuli sikuona, na jua lilikuwa la kutosha vivuli vyote. Lakini kulikuwa na mtu nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimeingia mbele yake kwenye foleni.

Sikugeuka. Mtu mwenye akili zake hageuki. Nikasema polepole, kama unavyosema na mgeni aliyekosea nyumba:

"Kama una shida, shida yako iwe na mimi. Huyu kesho ana safari."

Korongo akapepesa. Akashusha mguu wa pili, akatikisa mabawa, akaruka zake kama aliyemaliza zamu. Chura mmoja akalia upande wa matete. Halafu wote.

Nyumbani tukalikuza jicho. Binti kalala. Mimi nimesimama, kifua mbele. Mwingine hayupo. Binti akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Jumanne. Akasema unaona sasa, lilikuwa ni tete. Nikasema ndiyo, mwanangu, tete.

Na lenzi? Kachukua ya kati! Baada ya yote niliyoyapitia. Anasema mnyama hasubiri ubadilishe. Tembo anaanzia kule, mara yuko hapa, na ukiwa na Mia Sita utaambulia picha ya goti. Ukiwa na fupi, twiga wa kule atakuwa njiti. Ya kati inarefuka na kufupika, inashikika kwa mkono, na kwenye mizani ya ndege haitamnyang'anya nafasi ya nguo. Hakuniuliza mimi. Hakumwuliza wifi. Amefikiri, akachagua. Sijui ameitoa wapi tabia hiyo.

Jumamosi, 9 Machi

Ameondoka.

Asubuhi, tukisubiri gari la jarida, akaniambia nisimame mlangoni anipige picha ya kusafiri nayo. Akarudi nyuma hadi barabarani, akaizungusha ile lenzi shingo, ikarefuka. Nikatabasamu, nikaficha jino la pembeni. Akapiga. Akaangalia nyuma ya kamera. Akaangalia mlango. Akaangalia kamera tena.

Akaja akanikumbatia kwa nguvu, na kamera ikawa inaning'inia kati yetu, kioo chake cha nyuma kikiwa kimewaka. Nikachungulia. Mimi mlangoni, nimependeza kwa kweli. Nyuma yangu, kwenye korido, mtu. Karibu sana. Mikono ameikunja mbele.

Binti akasema haendi. Kazi basi, atawapigia simu, watatafuta mwingine, yeye anakaa na mama yake.

Wiki nzima nilikuwa naomba maneno hayo. Nimeshona, nimeficha, nimebeba bomba mgongoni kama mtoto, nimemwomba wifi, yote nisikie maneno hayo au yanayokaribiana nayo. Na yalipotoka, nikasikia jinsi sauti yake ilivyo ndogo. Nikamwambia aache upuuzi, ni koti la marehemu baba yake, nimelitoa sandukuni nilipigishe hewa. Akataka kuingia alione. Nikasimama mlangoni na upana wangu wote. Nikampakia kwenye gari, nikamfungia mlango mwenyewe, nikamwambia dereva aende. Nikapunga mkono na jino nje.

Koti la baba yake nililigawa siku nyingi.

Gari lilipopinda kona, nikaingia ndani. Nikasema, haya, karibu. Nikapika viazi.

Sasa naandika ili iwe agano: hila sifanyi tena. Kila nilipopanga, mambo yaligeuka yakaniuma kisigino. Mtu mzima na akili zake aachie mambo yaende yanavyokwenda. Imeandikwa, imekwisha.

Alhamisi, 14 Machi

Binti kapiga simu! Tembo, twiga, na simba aliyelala siku nzima kama wifi baada ya chakula. Simba alikuwa mbali, akamvuta kwa lenzi akaja hadi masharubu. Anasema macho ya wanyama wote amekagua, mna anga tu. Akauliza habari za korido. Nikasema koti nimeshaliondoa. Nilivyosikia anavyopumua, usingizi wake umerudi. Namshukuru Mungu.

Mgeni wangu hana makuu. Nimemwekea kiti, hakitaki. Nikishona anasimama nyuma yangu. Nikitunga uzi kwenye sindano namwambia asogee aniachie mwanga, na kweli mwanga unarudi. Ila chakula hakishuki vizuri ukiwa na mtu anayekusubiri umalize. Na kioo nimekigeuzia ukutani. Nywele nachana kwa kubahatisha.

Leo kliniki. Presha imeshuka! Muuguzi akafurahi, akasema unaona faida ya daftari. Kisha, akiwa bado anaandika, bila kuinua kichwa, akasema mtu niliyekuja naye asubiri nje. Nikasema sawa. Hakutoka.

Jioni wifi akaja. Akaniangalia, akaiangalia nyumba, akaniangalia tena. Akasema nina kitu. Nimetulia mno, mwanamke aliyeachwa peke yake hatulii hivi, kwa hiyo kuna kitu kipya nimepata na namficha. Nikasema sina. Akafungua hadi kabati la vyombo.

Wifi yangu hajawahi kuvumilia niwe na kitu ambacho yeye hana. Nilipotundika mapazia ya maua, na yeye akatundika. Nilipopata presha, wiki iliyofuata naye akapata, tena akasema yake ni ya juu zaidi.

Basi nimepata wazo. Si hila. Wazo tu.

Jumapili asubuhi tunakwenda bwawani. Nimeshamwambia Fundi aje na Mia Sita ampige wifi picha kubwa ya ukutani, kama wanavyopigwa wakubwa, na wifi ameanza kutafuta gauni. Nitamsimamisha mahali ninapopajua, mimi nitakaa ubavuni pake. Halafu nitamnong'oneza: ni kweli, kitu kipo, kiko hapa nyuma yangu, lakini hiki ni changu, wifi, wewe hukiwezi.

Namjua. Atasema, "Lete kwangu." Mwenyewe, kwa mdomo wake, kama nilivyosema mimi Ijumaa ile.

Nimemweleza na mgeni, maana si adabu kumhamisha mtu bila taarifa. Amesogea tu karibu zaidi, hapa begani, kama anayetaka kusoma ninachoandika.

Asome. Safari hii mpango hauna tundu.